Khiyana ya Mwenzi wa Chumba, na Namna Iishavyo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Liko suala ambalo watu hulizungumza barazani kwa kucheka, nalo halikustahiki kuchekwa. Mtu akikaa chumba kimoja na mwenzi, wakala sufuria moja na kulala chini ya bati moja, kisha ikadhihiri kuwa yule mwenzi alikuwa akimfanyia khiyana siku zote zile, je, jambo hilo lapasa kwisha vipi? Wengi wa walizungumzao hawakulipata katika vitabu, bali wamelipata katika televisheni, na jawabu waitoayo ni ile waliyoiona huko.

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na tangu hapo khabari za watu wa mbali zimeingia vyumbani mwa watu bila ya kubisha hodi. Katika michezo yake ipendwayo sana ni ule wa mwenzi wa chumba aliye mwongo. Mashuhuri katika asili yake ni senema ya Marekani ya mwaka 1992 iitwayo Single White Female, aliyoitengeneza Barbet Schroeder kutokana na kitabu cha John Lutz kilichotoka mwaka 1990. Na baada yake michezo mingi imepita njia ile ile. Humo mwanamke kijana wa New York, Allison Jones, ametengana na mchumba wake, akatangaza kuwa atafuta mtu wa kukaa naye, akampata Hedra Carlson, mpole, mwenye haya. Siku si nyingi yule mgeni akaanza kuvaa mavazi ya mwenyeji wake, akakata nywele na kuzitia rangi mfano wa zake, akajifanya ndiye yeye mbele za watu, hata mwisho akamwua yule mchumba. Mchezo waisha kwa Allison kumchoma Hedra kwa bisibisi akafa. Kisha husikika Allison akisema kuwa amemsamehe aliyekufa, na kuwa ajaribu kuisamehe nafsi yake. Na picha ya mwisho ni nusu uso wa huyu umeungwa na nusu uso wa yule.

Senema nyengine, The Roommate ya mwaka 2011, imeichukua khabari hiyo ikaipeleka kwa wanafunzi wa chuo. Humo pia mhaini auawa na yule aliyemfanyia khiyana, na baadaye aliyesalimika akitoa nje kitanda cha pili, kwani hataki tena mwenzi kwa muda.

Ama huko kuua, wanavyuoni wa Kishafii wamekueleza katika mlango wa kumzuia mtu ashambuliaye, na Imamu Nawawi amekupanga katika Minhaj daraja kwa daraja: awezaye kumzuia kwa maneno au kwa kuita watu haimjuzii kupiga, na awezaye kumzuia kwa mkono haimjuzii kutwaa fimbo, na awezaye kukimbia akasalimika yampasa akimbie. Basi hukumu ya bisibisi ile hutazamwa katika dakika ile ile, je, ulikuwapo mlango wa kutokea au haukuwapo. Hili halina ugumu, wala si hapa penye suala.

Suala limo katika kule kuridhika kwa mtazamaji. Mhaini akiisha kufa, mtazamaji huzima televisheni akalala usingizi mwema, na usingizi ule ndio wa kuulizwa. Maana maiti hadaiwi pale pale, wala hapana haja ya kumwonya mtu mwengine juu yake, wala hatatubu akaja kusimama mlangoni. Mtunzi amemwua mhaini, na pamoja naye ameyaua mambo yote ambayo aliyefanyiwa khiyana angepaswa kuyatenda kesho yake asubuhi. Hata msamaha ule wa Allison umekuwa msamaha usio na gharama. Kumsamehe maiti ni kwepesi, kwani hatarudi kuomba chumba.

Na ajuaye khabari za vitabu atakumbuka kisa cha Ibn Ubayriq katika mji wa Madina, kwani nacho ni kisa cha khiyana kati ya watu wanaokaa karibu. Rifaa bin Zaid alinunua unga mweupe uliokuja na msafara wa Shamu, akauweka katika ghorofa yake, na humo zilikuwamo silaha zake, deraya na upanga. Usiku nyumba ikatobolewa, unga na silaha vikachukuliwa. Wana wa Ubayriq, ambao ndio waliotuhumiwa, wakamsingizia Labid bin Sahl, mtu mwema. Na katika riwaya nyengine aliyesingiziwa ni Myahudi. Kisha jamaa zao wakenda kwa Mtume (s.a.w.) kuwatetea, hata Qatada, mtoto wa ndugu yake Rifaa, akalaumiwa kuwa amewatuhumu watu wa nyumba njema pasipo ushahidi. Ndipo zikateremka Aya za Sura ya Nisaa, kuanzia Aya ya 105, zikikataza kuwatetea wafanyao khiyana.

Sasa na atazame msomaji namna kisa hiki kinavyoisha. Katika riwaya aliyoipokea Tirmidhi, naye akaiita gharibu, mwizi yule alikimbilia Makka akapanga kwa mwanamke aitwaye Sulafa, na khabari zake zilipomfikia yule mwanamke, alichukua mizigo yake kichwani akaenda akaitupa nje. Na katika riwaya nyengine za wafasiri, alitoboa ukuta wa nyumba ya mwenyeji wake ili aibe, jiwe likamporomokea. Msikilizaji hufurahi. Lakini katika Aya zenyewe hamna mizigo iliyotupwa wala hamna jiwe. Mwisho huo umeletwa na wapokezi wa khabari. Kilichomo katika Aya ni kuwa atendaye uovu kisha akamwomba Mungu maghufira atamkuta Mungu ni mwenye kusamehe, na kuwa amtupiaye asiye na kosa dhambi yake amebeba mzigo mkubwa. Kitabu kimewaacha wote wawili wangali hai, mhaini na aliyesingiziwa, na kila mmoja ana la kutenda.

Hali hiyo ya watu kubaki hai ndiyo iliyoko Bukoba na Muleba. Miji hiyo imo katika mkoa wa Kagera, magharibi ya ziwa Nyanza, na vijana wa pwani nao huenda huko kutafuta riziki kwa biashara na kwa kazi. Bukoba, katika mitaa ya Kashai, Hamugembe na Rwamishenye, ziko nyumba za vyumba vingi, kila chumba na mlango wake, na mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mara moja. Kijana aliyeanza kazi hana fedha hiyo peke yake, basi hutafuta mwenzi. Kitanda cha pili hakitolewi nje kama katika senema ile, kwa kuwa kikitolewa na chumba kitakwenda pamoja nacho. Na katika wilaya ya Muleba mna visiwa, Bumbire, Goziba, Ikuza na Mazinga, wanakokaa wavuvi makambini. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbaamwezi ukiwa mkali huwa ni siku za kupumzika. Na katika siku hizo wanaume kadhaa waliotoka nchi mbali mbali hulala kibanda kimoja, na kila mmoja hajulikani ela kwa jina alilolitaja mwenyewe alipoteremka katika chombo.

Mwenyezi Mungu amemtaja katika Sura ya Nisaa, Aya ya 36, mwenzi aliye ubavuni, akaamrisha afanyiwe wema pamoja na wazazi na mayatima na majirani. Wafasiri wamekhitalifu ni nani huyo. Wako waliosema ni mke, wako waliosema ni rafiki wa safari, na wengine wameitandaza maana hata ikamkusanya kila aliyeandamana na mtu katika kazi au elimu. Kwa maneno ya hao wa mwisho, mwenzi wa chumba cha Kashai ana haki iliyo zaidi ya haki ya mpita njia, na khiyana yake kadhalika ni zaidi ya khiyana ya mpita njia.

Na uchukuliwe mfano wa watu wawili, waitwe Zaidi na Amri kama ilivyo desturi ya watu wa nahau. Wamepanga chumba kimoja. Amri hana kitambulisho cha taifa, na laini ya simu haipatikani bila ya kitambulisho hicho na alama ya kidole. Basi Zaidi, kwa huruma, akaenda akaweka kidole chake, ikatoka laini kwa jina lake, akampa Amri. Ikapita miezi. Amri akaijua namba ya siri ya Zaidi kwa kumwangalia akilipa, akamtolea shilingi 80,000. Na kwa ile laini nyengine akawapelekea watu jumbe za uwongo na kuwatoza fedha. Siku polisi wanapokuja, jina wanalolitaja ni la Zaidi. Amri ameshahama, khabari ni kuwa yuko Muleba, au amevuka kwenda Ikuza. Hapa hapana damu iliyomwagika. Hedra alizitwaa nywele na nguo, na Amri amelitwaa jina lenyewe, na asiyetafakari huona kuwa hili ni jambo dogo.

Kwanza, ile fedha. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kumfanyia khiyana aliyemfanyia khiyana. Tena imesihi kuwa alimruhusu Hindi, mkewe Abu Sufiyani, achukue katika mali ya mumewe kwa wema kiasi cha kumtosha yeye na wanawe, kwa kuwa mume alikuwa akibana mkono. Wanavyuoni wa Kishafii wamezikusanya hadithi hizi mbili wakasema: mwenye haki aliyekanushwa, naye hana ushahidi, akipata katika mali ya mkanushaji jinsi ile ile ya haki yake, anayo ruhusa kuichukua, na asipoipata jinsi yake, atachukua nyengine, auze, atwae kadiri ya haki yake basi. Hilo haliitwi khiyana, kwani khiyana ni kuchukua kisichokuwa chako. Lakini waliweka sharti la kutokuwapo fitina wala madhara, na sharti hili ndilo watu wenye hasira hulisahau. Amri akiwa ameacha simu yake chumbani, thamani yake ni shilingi 200,000, Zaidi akaiuza, zile 120,000 zilizozidi ni amana mkononi mwake. Akizila, amekuwa Amri wa pili. Na akiifungua simu hiyo kwa namba ya siri ya Amri ili ajilipe kimya kimya, huko ameingia katika jambo ambalo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huliadhibu, na fitina ndiyo hiyo hiyo iliyohadharishwa. Huyo ana njia ya serikali ya mtaa na Mahakama ya Mwanzo, nayo ni ndefu na ya kuchosha. Mara nyingi atakuta nauli na siku alizozipoteza zimepita shilingi 80,000. Mchezo wa televisheni hauwezi kumwonyesha mtu akingoja katika benchi la mahakama toka asubuhi hata adhuhuri, na huko kungoja ndiko sehemu kubwa ya haki.

Ama jina, hilo halina jinsi yake katika mali ya Amri hata lichukuliwe badala. Jina husafishwa kwa ulimi. Na hapa hujitokeza shida ya wacha Mungu, maana Zaidi aliyesoma chuoni huogopa kusengenya, basi hunyamaza. Na aliyekuwa si mcha Mungu hunyamaza vile vile, kwa kuona haya ya kuchekwa kuwa alidanganywa na mtu aliyelala naye chumba kimoja. Kimya cha wote wawili humfaa mtu mmoja tu, naye ni Amri. Humwambia mwenye nyumba kwa upole kuwa mwenzake amehama, wasijue watu zaidi ya hapo, na mwezi ule ule Amri awe ameshapata kitanda kwa kijana mwengine.

Imamu Nawawi ametaja katika Riyadhu-s-Salihin na katika Adhkar mambo sita ambayo ndani yake kumtaja mtu kwa aibu yake si usengenyaji ulioharimishwa, na katika hayo ni kushtakia dhuluma kwa awezaye kuiondoa, na kumwonya Mwislamu na shari, kama anapoulizwa mtu khabari ya anayetaka kuoana naye, au kushirikiana naye, au kumwekea amana, au kuwa jirani yake. Na dalili yake ni khabari ya Fatima binti Qais, alipoposwa na watu wawili akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka shauri. Mtume alimweleza kuwa mmoja hana mali na kuwa wa pili haweki fimbo chini. Aliyataja yale mawili yanayohusu ndoa, wala hakuongeza.

Hapo ndipo penye mizani. Mwenye chombo wa Goziba akipeleka salamu Bukoba kuuliza, huyu Amri aliyekuja kutaka kazi na kulala kambini ni mtu wa namna gani, haimjuzii Zaidi kujibu, "Sijui." Bali ikitosha kusema, "Hakufai," na aseme hilo tu, kama alivyoeleza Nawawi, na isipotosha, na aseme lile lililompata, la fedha na la laini, asiongeze khabari za mama yake Amri wala za kabila lake. Kwani kuna watu ambao huanza kwa kuonya, wakaisha kwa kujistarehesha. Na kuna jengine lililo zito zaidi: asiyeulizwa naye yampasa nasaha akijua kwa yakini kuwa mtu fulani yu karibu kudhurika. Hili watu wengi hulikimbia, husema hawataki maneno.

Itasemwa labda: ikiwa hali ndiyo hii, si afadhali mtu asimpokee mtu? Jawabu hiyo nayo hufundishwa na michezo ile, maana kila mpole humo huwa ni mwenye kisu. Lakini watu wa Kagera wana jambo walilolipitia. Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, mchana, ulitokea mtetemeko wa ardhi wa kipimo cha 5.9. Walikufa watu zaidi ya 15, na nyumba kwa maelfu zikaanguka au zikapasuka, khasa Bukoba. Usiku ule watu waliogopa kuta zao, na waliopoteza nyumba walihitaji mahali pa kulala. Aliyekuwa na chumba kizima, mbele ya mtu mwenye godoro kichwani, hakuwa na wakati wa kuchunguza nasaba. Hapo ikiwa kila moyo umefunzwa kuwa mgeni ni Hedra, ni nani atakayemfungulia nani? Dhana mbaya isiyo na alama imekatazwa katika Sura ya Hujurati, Aya ya 12. Kujihadhari si dhana mbaya. Kufunga sanduku na kuficha namba ya siri si kumtuhumu mwenzi, na aliye mwaminifu haudhiki kwa hayo, kwani humwondolea na yeye tuhuma kitu kinapopotea. Kosa la Zaidi halikuwa kumpokea Amri. Kosa lake lilikuwa kuweka kidole chake kwa ajili ya laini itakayotumiwa na mtu mwengine, kwani jina la mtu si mali ya kuazimwa.

Limebaki lile ambalo bisibisi ililikata: mhaini akirudi. Kwani Amri hakufa. Huenda baada ya mwaka mmoja wa ziwani, na baada ya kuona maiti za watu waliozama, moyo wake ukalainika, akapanda chombo mpaka Kemondo, akafika Kashai jioni, akabisha mlango ule ule. Toba ina sharti zake, kuacha, na kujuta, na kuazimia kutorejea; na likiwa kosa lahusu haki ya mja, hayo matatu hayatoshi mpaka haki irudishwe au mwenyewe asamehe.

Nabii Yusuf (a.s.) alitupwa kisimani na ndugu zake, na baba yake akaletewa kanzu yenye damu ya uwongo. Alipokuwa na nguvu juu yao, na nafaka yote ya Misri i mkononi mwake, aliwaambia kuwa leo hapana lawama juu yao. Na alipozihesabu neema za Mola wake mbele ya baba yake alitaja kutolewa gerezani, wala hakutaja kisima. Na wafasiri wamesema kuwa aliacha kukitaja ili asiwaaibishe ndugu zake. Huo ndio msamaha mgumu, kwa kuwa waliosamehewa walikuwa wamesimama pale pale wanamtazama. Walakini na aangalie msomaji kuwa Yusuf hakujitambulisha kwao siku ya kwanza. Walikuja, wakarudi, wakaja tena, na alipomzuia mdogo wao walijitolea achukuliwe mmoja wao badala yake. Na hao ndio wale waliomtoa Yusuf kwa thamani ndogo. Ndipo alipowafunulia jina lake, wakakiri kosa.

Basi Zaidi, kwa haki yake ya shilingi 80,000 na ya jina lake, akisamehe pale mlangoni amefanya lililo bora, na akidai hakukosea. Ama haki za wale waliotozwa fedha kwa ile laini, hizo si zake hata azisamehe. Na kitanda ni jambo la tatu, mbali na haya mawili, kwa sababu kusamehe ni kuacha lililopita, na kumlaza mtu chumbani ni kumwekea amana upya, na amana huwekwa kwa anayejulikana kuwa ataitunza. Akimpa chakula, akamtandikia mkeka kwa usiku ule mmoja kwa kuwa chombo cha kurudi hakipo mpaka asubuhi, kisha akamwambia, "Nimekusamehe langu, nenda kwanza ukawalipe wale, mmoja mmoja, uniletee majina yao, halafu tuzungumze khabari ya kitanda," hakumdhulumu.